Benzi kwa bei ya mashine ya boti: hesabu yake mwambao wa Ziwa Mweru

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

KWA muda mrefu mtu aliyefanikiwa katika mwambao wa Ziwa Mweru alijulikana kwa boti yake. Siku hizi anajulikana pia kwa gari, tena si gari lolote. Katika barabara ya lami inayounganisha Nchelenge na Kashikishi, upande wa Zambia, utaona Benzi za miaka ya 1980 na 1990, BMW, Toyota Crown, Harrier na Land Cruiser VX. Baadhi yana namba za Zambia, mengine yametoka Kongo au Tanzania. Ni magari ya kifahari yaliyokwishatembea mno, ambayo wenye fedha wa Ulaya, Japani na Afrika Kusini waliyachoka zamani.

Bei zake zinavutia. Mwaka 2017 Benzi nzuri ya zamani ilikuwa ikipatikana hapa kwa fedha isiyopishana sana na bei ya mashine mpya ya boti. Ndiyo maana wafanyabiashara wa samaki, na ndugu zetu wanaorejea kutoka Afrika Kusini, Ghuba na Ulaya, wamekuwa wakijiuliza: kama fedha ni ileile, kwa nini nisipande Benzi?

Swali hilo ni la haki na halistahili kuchekwa. Mimi mwenyewe ninamiliki Mercedes-Benz 250D ya mwaka 1990. Nililinunua mwaka huo wa 2017 kwa kwacha 28,000, likiwa limetembea kilometa 412,000. Hadi sasa mita imepita 500,000 na bado linanipeleka Mansa na kunirudisha. Kwa hiyo sitamwambia msomaji asinunue. Nitamwonyesha hesabu, kwa sababu bei unayomlipa muuzaji ni sehemu ndogo tu ya bei ya gari la namna hii.

Jina lililotoka kwetu

Neno "Wabenzi" ni letu. Lilizaliwa katika Kiswahili cha Afrika Mashariki baada ya uhuru, kuwataja wakubwa waliohamia viti vya nyuma vya Mercedes-Benz, kana kwamba wamekuwa kabila jipya. Tangu hapo gari hilo limekuwa likizua maneno kila lilipokwenda. Mwaka 2000, ununuzi wa Mercedes 39 kwa ajili ya mawaziri wa Malawi ulizusha lawama hadi Uingereza, nchi iliyokuwa ikiisaidia Malawi kwa fedha. Mwaka 2009, Waziri wa Fedha wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza katika bajeti kwamba mawaziri warudishe magari makubwa na wapande yenye injini isiyozidi cc 1,800. Volkswagen Passat ndizo zilizoletwa.

Hapo kuna funzo kwa mtu wa kawaida. Kama serikali yenye gereji, madereva na fungu la mafuta inaona uzito wa magari haya, mwenye kibanda cha samaki atauonaje?

Gari la mkubwa halifi siku anapolishuka. Linateremka ngazi. Linatoka kwa waziri au mkurugenzi, linakwenda kwa mfanyabiashara wa mjini, kisha kwa mwenye teksi, na mwisho linafika kwetu ziwani. Kila ngazi bei inashuka. Lakini kuna kitu kimoja kisichoshuka, nacho ni bei ya spea. Gari lililouzwa dola 60,000 likiwa jipya, wewe ukilinunua kwa dola 4,000, ndani yake bado lina matumbo ya gari la dola 60,000. Rejeta yake, kompyuta yake na taa zake havijui kwamba wewe umelipa dola 4,000.

Hii ndiyo sababu wenyewe huko ng'ambo huyauza kwa bei ya kutupa. Japani, gari jipya hufanyiwa ukaguzi mkubwa wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na mwenye gari huona ni nafuu kuliuza kuliko kuendelea kulipia ukaguzi na matengenezo. Uingereza, gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka. Mtu anapoambiwa kwamba ukaguzi ujao utahitaji matengenezo ya gharama kuliko thamani ya gari, huliuza. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa neno hilo linakaa sawasawa.

Kilometa nyingi si ugonjwa

Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama mita. Wakiona 400,000 wanakimbia, wakiona 120,000 wanafurahi. Mimi nasema mita ni shahidi mmoja tu, na mara nyingi si shahidi mkweli.

Katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani, ipo teksi ya Ugiriki aina ya 240D ya mwaka 1976 iliyotembea kilometa milioni 4.6. Ilibadilishiwa injini mara kadhaa, lakini mwenyewe alijua kila kilichofanyika katika gari lake, na lilitunzwa kila siku. Kwa upande mwingine, gari la kilometa 120,000 lililokaa miaka 6 chini ya mti, mafuta yake ya injini yakiwa meusi na mipira yake imekauka, ni gonjwa kuliko teksi hiyo.

Kwanza, hakikisha mita inasoma nini. Magari yaliyotoka Uingereza husoma maili. Maili 180,000 ni kama kilometa 290,000, na kuna wauzaji wanaonyamaza hapo, wakikuacha uamini kuwa ni kilometa. Pili, hakikisha mita inatembea. Katika Benzi za zamani, namba za kilometa huendeshwa na vigurudumu vidogo vya plastiki, na vikivunjika mshale wa mwendo huendelea kufanya kazi wakati namba zimesimama. Liendeshe gari kilometa 5 na utazame kama namba zimebadilika.

Tatu, tazama vitu ambavyo watu husahau kuvidanganya. Mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi chuma, usukani ukiwa unang'aa kama kigae kilichosuguliwa, na kiti cha dereva kikiwa kimebonyea upande wa mlango, gari hilo limefanya kazi kubwa hata mita ikisema nini. Ukiona pedali mpya katika gari kuukuu, uliza kwa nini.

Nne, tumia kumbukumbu zilizopo. Kwa gari lililokuwa Uingereza, ukiwa na namba yake ya huko unaweza kusoma bure katika intaneti matokeo ya ukaguzi wake wa kila mwaka kuanzia 2005, pamoja na kilometa au maili zilizoandikwa siku ya ukaguzi. Kama mwaka 2014 liliandikiwa maili 170,000 na leo unaonyeshwa 95,000, huna haja ya kubishana na mtu. Kwa gari la Japani, omba karatasi ya mnada. Huandikwa kilometa, daraja la gari na mahali lilipogongwa.

Mtaka cha mvunguni

Kuna jambo jingine linalowahusu sana watu wa mpakani. Kongo huendesha kulia, Zambia na Tanzania huendesha kushoto. Magari ya Ghuba na sehemu kubwa ya Ulaya yana usukani wa kushoto, ya Japani, Uingereza na Afrika Kusini yana usukani wa kulia. Kwa hiyo wapo mafundi wanaohamisha usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine ili gari lipate soko. Kazi hiyo ikifanywa vibaya, siku ya hatari ndipo utakapojua.

Kwa Mercedes za zamani ipo njia ya kugundua. Namba ya chesisi huanza na herufi WDB, kisha zinafuata tarakimu 6 za aina ya gari. Tarakimu inayofuata baada ya hizo ikiwa 1, gari lilizaliwa na usukani wa kushoto. Ikiwa 2, lilizaliwa na usukani wa kulia. Ukikuta 1 katika gari ambalo usukani wake uko kulia, jua limepasuliwa.

Baada ya namba, ingia chini ya gari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika biashara hii methali hiyo ni agizo halisi. Beba turubai, lala chali, utazame. Magari ya kwetu yamepita njia ngumu. Kabla ya daraja la Chembe juu ya Mto Luapula kufunguliwa mwaka 2008, mtu wa Nchelenge aliyetaka kwenda Copperbelt kwa njia ya mkato ya ardhi ya Kongo alivuka kwa pantoni na kupita barabara ya vumbi na mawe. Gari lililofanya safari hizo huonyesha makovu chini hata kama juu limepakwa rangi mpya. Tazama sampo, tazama bushi, tazama sakafu ya buti.

Sakafu ya buti hapa kwetu ina habari yake. Wapo wanaobeba samaki wa chumvi katika buti la Benzi. Maji ya chumvi hupenya chini ya zulia na kula bati polepole. Inua zulia, toa gurudumu la akiba, bonyeza kwa kidole. Harufu inaweza kuondolewa kwa sabuni na limau, kutu haiondoki hivyo. Mimi katika gari langu hata chisense wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, sipakii.

Daftari langu

Tangu siku ya kwanza ninaandika kila senti katika daftari la shule. Nawapa wasomaji mwaka wa kwanza kama ulivyo.

Taya 4 zilikula kwacha 4,800. Bushi na viungo vya mbele na nyuma, 3,600. Rejeta, mipira ya maji na thermostati, 2,300. Pampu ya vakyumu, 1,900. Hita plagi 5 na relei yake, 750. Oili na filta mara tatu, 1,650. Jumla ya vifaa ni kwacha 15,000. Ufundi na nauli ya kuleta spea kwa basi ni 3,000 nyingine. Hivyo gari la kwacha 28,000 lilidai 18,000 ndani ya miezi 12, karibu theluthi mbili ya bei yake, kabla sijahesabu dizeli, bima na ada za barabara.

Fedha hizo nilikuwa nimezitenga kabla ya kununua. Mwaka wa pili gari lilidai kwacha 7,000, wa tatu 6,500. Mwaka wa kwanza unalipia uzembe wa wote waliokutangulia. Ukiumaliza salama, gari linaanza kuwa lako.

Nilichagua aina hii kwa sababu maalumu. Injini yake, ambayo mafundi huiita OM602, ina mitungi 5, na taimingi yake ni ya cheni, si ya mkanda. Dizeli huingizwa kwa pampu ya kawaida isiyohitaji kompyuta. Inakunywa kama lita 8 kwa kilometa 100. Fundi wangu hapa Kashikishi hana mashine ya kusoma makosa ya kompyuta. Anaweka bisibisi ndefu juu ya injini, anaegemeza sikio kwenye mpini, na anakuambia nozo ipi inagonga.

Hata hivyo gari hili lina tabia zake. Vitu vingi huendeshwa kwa nguvu ya hewa inayofyonzwa na pampu ya vakyumu: kusaidia breki, kufunga milango, kubadilisha gia kwa ulaini, hata kuzima injini. Mpira mmoja mwembamba ukipasuka, unaweza kuchomoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Asiyejua hudhani ni uchawi, na fundi asiyejua humuuzia giaboksi nzima. Pampu yenyewe ikianza kupiga kelele usiingoje, kwa sababu beringi zake zikivunjika vipande huangukia kwenye cheni ya taimingi, na hapo unaaga injini. Ndiyo maana niliibadilisha mapema.

Spea zinatoka mbali. Lusaka ni takriban kilometa 1,000 kutoka hapa. Nyingine hupatikana Kitwe na Ndola, nyingine Lubumbashi, na wanaosafiri kwenda Dar es Salaam huagizwa Kariakoo. Bei hufuata dola. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa kama kwacha 9 na nusu. Mwaka 2024 ilipita 25. Mshahara wa mwalimu na bei ya samaki havikupanda kwa kasi hiyo, lakini bei ya rejeta ilipanda.

Na dizeli yenyewe ichunguzwe. Mafuta ya madumu yanayovuka ziwa kwa boti hupata maji, na wapo wanaochanganya mafuta ya taa. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Ukiipa maji au mafuta ya taa inasagika. Mimi hununua kituoni, na dumu la dharura huliacha litulie usiku kucha kabla ya kumimina.

Gari hili limenilipa? Kwa kiasi. Harusi zinalikodi. Mwishoni mwa Julai, wakati wa sherehe ya Mutomboko ya Walunda wa Mwata Kazembe kule Mwansabombwe, halikosi wageni wa kubeba. Na usiku, mgonjwa anapohitaji kufikishwa hospitali, majirani hubisha kwangu. Hilo la mwisho silitozi.

Gari lililomzuia jirani

Nisipoeleza habari ya jirani yangu, makala haya yatakuwa matangazo ya biashara.

Yeye ni mwenyeji wa Pweto, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, upande wa Kongo. Desemba 2000, mji huo ulipotekwa na waasi wa RCD na majeshi ya Rwanda, maelfu ya watu walivuka kuingia Zambia. Yeye alikuwa kijana mdogo. Anakumbuka magari ya jeshi yaliyoachwa yameteketea karibu na kivuko. Alikulia katika kambi ya Kala, Kawambwa. Kambi hiyo na ile ya Mwange zilifungwa mwaka 2010 baada ya wengi kurejeshwa makwao. Yeye hakurudi. Alikwenda Durban, akafanya kazi miaka 11.

Watu waliowahi kukimbia hupenda mali inayotembea. Nyumba utaiacha, shamba utaliacha, fedha ya karatasi inaweza kuisha thamani mkononi kama ilivyokuwa Zaire. Gari unalipanda na kuondoka nalo. Ndivyo alivyofikiri, na ndivyo wanavyofikiri wengi katika mwambao huu. Mwaka 2021 alichukua akiba yake, akanunua gari kubwa la kifahari la Ulaya la mwaka 2004, kilometa 230,000, likaja kwa magurudumu yake kupitia Zimbabwe na Chirundu. Mpango wake ulikuwa kulipitisha Chiengi hadi Pweto, kuliuza huko kwa faida, na kufungua biashara ya samaki wa barafu nyumbani kwao. Mke na watoto wangemfuata.

Gari lilikuwa zuri kweli. Lakini halikuwa na springi za chuma. Lilibebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, na upepo huo ulisukumwa na kompresa na kuongozwa na kompyuta. Mifuko hiyo huzeeka. Barabara zetu ziliwahi kuumaliza mmoja. Mfuko ukivuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika ili kurudisha upepo unaopotea, na baada ya muda huungua. Asubuhi moja, akiwa Nchelenge anasubiri karatasi zake, alilikuta limelala tumbo chini kama mbwa aliyechoka.

Hapa hakuna mashine ya kusoma kompyuta yake. Aliletewa fundi kutoka Copperbelt, akamlipa nauli, chakula na malazi. Kifaa cha kwanza kiliagizwa, kilipofika kikaonekana ni cha toleo jingine. Gari lilipokaa, betri ilikufa, na umeme wa gari hilo ukaanza kukataa vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Aliuza friza aliyokwishanunua. Akauza mashine ya boti ya ndugu yake, kwa ahadi ya kuirudisha.

Nilimuuliza majuzi kama bado ana matumaini. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Ilinikulia franga yote, kaka. Sasa nitarudia Pweto na nini?"

Gari liko chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Yeye anauza vocha na mafuta ya kula. Amezunguka kwa miaka zaidi ya ishirini akitaka kurudi nyumbani na kitu mkononi, na kitu hicho ndicho kilichomshikilia hapa, ng'ambo tu ya kwao. Hakulewa, hakuibiwa, hakucheza kamari. Alinunua gari ambalo mwambao huu hauwezi kulitibu.

Karatasi mpakani

Kwa wanaovusha magari, mambo machache ni ya lazima kuyajua.

Gari lenye namba za nchi jirani lililoingia kwa kibali cha muda si la kuuzwa mpaka ushuru ulipwe. Muuzaji akikuambia "kibali bado kina miezi miwili", anakuuzia kesi. Forodha ikilikamata, anayepoteza ni aliyeko kwenye usukani.

Ushuru wa gari lililotumika nchini Zambia hutazama umri, kwa kutenganisha magari yaliyozidi miaka 5, na pia ujazo wa injini. Aidha ipo kodi ya hewa ukaa, iliyoanza 2006, ambayo nayo hupanda kwa kadiri injini inavyokuwa kubwa. Injini ya cc 4,000 inalipiwa hata kama gari lenyewe limenunuliwa kwa bei ya pikipiki. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea lakini hulitoza zaidi kwa uzee wake.

Ndugu anayerejea moja kwa moja katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja, lakini sheria ya forodha ya Jumuiya inataka awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe huko alikokuwa kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za safari ya meli. Gari lililonunuliwa wiki ya kuondoka halimo. Zambia haimo katika Jumuiya hiyo na ina masharti yake, hivyo uliza forodha kabla ya kulipakia gari, si baada ya kufika.

Kwa safari za kuvuka, bima ya nchi moja haitoshi. Kadi ya Njano ya COMESA huongeza kinga ya kumlipa mtu wa tatu katika nchi nyingine zilizomo, zikiwamo Zambia, Kongo na Tanzania.

Kwa anayeishi Zambia, njia nyepesi ni kununua gari lililokwishasajiliwa hapahapa, lenye kitabu cheupe cha usajili, na kubadilisha jina katika ofisi ya RTSA, wakala wa usalama barabarani, muuzaji akiwa amesimama hapo. Linganisha namba ya chesisi iliyo katika kitabu na iliyogongwa kwenye bati, tarakimu kwa tarakimu.

Mwezi wa kununua

Yafaa mtu ajiulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Je, fundi aliye karibu nami anaweza kulitengeneza bila kompyuta? Je, spea zake zinafika kwa basi ndani ya wiki moja? Je, nina akiba isiyopungua nusu ya bei, iliyotengwa kwa mwaka wa kwanza? Na likisimama miezi mitatu, je, watoto watakula? Jibu la "hapana" kwa swali moja tu linatosha kukurudisha kwenye Corolla, na Corolla haina aibu.

Swali la nne lina uzito wake hapa. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia ili samaki wazaane. Miezi hiyo fedha hukauka katika mwambao wote. Ada za shule za Januari hazingoji, na ndipo magari ya kifahari hutolewa uani na kuoshwa yauzwe.

Mwenye fedha na subira ndiye anayenufaika wakati huo. Mvua inanyesha, kwa hiyo utaona mlango gani unavuja na kama gari linawaka asubuhi yenye baridi na unyevu. Muuzaji ana shida, kwa hiyo atakubali fundi wako alale chini ya gari nusu siku. Machi ziwa likifunguliwa, fedha zinaanza kuzunguka tena na bei zinapanda.

Njoo Januari, uje na turubai, na kabla ya kukubaliana bei, mwombe mwenye gari akuonyeshe daftari lake. Kama hana, mpunguzie bei kwa kiasi cha mwaka wa kwanza, maana huo mwaka utaulipa wewe.